Uliza Anko Gamba: Tawi la nje mpaka liingie kwa nyoka

Toleo lililopita tuliongelea saizi ya vizimba vya nyoka, nikadondosha sentensi moja tu kwamba tawi la dukani ni kulipia hela kitu ambacho kimelala nje bure. Kumbe nimechokoza mzinga. Maswali yamekuja mengi mpaka nimeamua ukurasa wote wa leo uwe wa matawi, nimechagua machache na mengine nimeyaunganisha maana yanafanana. Niseme msimamo wangu mapema ili usishangae huko mbele: wafugaji wengi wanaogopa wadudu kuliko inavyostahili, afu uzito wa tawi hawauogopi kabisa. Mtu anachemsha, anaoka, anagandisha, anasugua siku nzima, akimaliza anakuja kuliegemeza kwenye kioo hivi hivi na kwenda zake kulala.

Anko shikamoo. Tupo Minneapolis, kijana wangu ana nyoka wa mahindi, yule wa rangi ya machungwa, bado mdogo mdogo. City wamekata mti mkubwa mtaani kwetu na matawi yamelala pembeni ya barabara, mazuri kweli yana mapanda. Mke wangu kasema hamna mti wa barabarani utakaoingia kwenye oveni yake. Nifanyeje? – Baba Hawa

Marahaba Baba Hawa. Mama Hawa tutamfikia, tuanze na mti wenyewe. Huko kwenu mti unaokatwa sana mitaani ni ashi, sababu ni yule mdudu wa kijani anayeng'aa aliyetokea Asia, akagundulika karibu na Detroit mwaka 2002 na kuonekana St. Paul mwaka 2009, toka hapo ni msumeno tu. Bandua gome kidogo kwa kisu. Ukikuta chini yake vifereji vyembamba vimejaa unga na vinajipinda S juu ya S, hiyo ndio kazi ya mabuu yake, na tundu analotokea mdudu mkubwa lina umbo la herufi D, upana milimita 3 au 4 hivi. Kwa nyoka hilo halina neno, ashi ni mti mgumu, hauna mafuta ya harufu, na huyo mdudu shida yake kubwa ni ashi, na nyoka wala hana habari naye. Neno lipo kwenye sheria, yaani usilipakie kwenye gari ukampelekea rafiki kaunti nyingine, maana kusafirisha mbao za ashi kuna masharti, na mdudu alisambaa hivyo hivyo kwa kuni za watu wanaokwenda kupiga kambi. Afu ulizia kama mti ulishachomwa sindano ya dawa kabla ya kukatwa, city huwa zinajaribu kuokoa kwanza, kama ulichomwa achana nao, tawi sio dhahabu.

Kama sio ashi, mepo ni sawa, mwaloni sawa, mtofaa sawa kabisa. Misonobari na mierezi hapana, ile harufu nzuri unayoisikia ni mafuta yanayoruka hewani na nyoka anaishi ndani ya boksi dogo lenye joto, mapafu yake yanayavuta usiku na mchana. Wolnati nyeusi pia iache. Na kuna kitu kimoja cha huko Marekani ambacho mtu aliyekulia Bongo hakijui: ukiona kamba ya mmea imeng'ang'ania shina na ina manywele manywele ya kahawia kama inataka kutembea, usiguse. Hiyo ni poizoni aivi, na ni ukoo mmoja na mkorosho wetu. Watu wa Mtwara na Lindi mnaoujua moshi wa kubangua korosho kwa moto, unavyofanya macho na ngozi, mtaelewa kwanini sitaki kabisa mtu atie kitu hicho kwenye oveni. Kukauka hakuiondoi sumu yake na joto ndio linaipandisha hewani.

Kupima uzima wa tawi usihangaike sana. Ligongeshe chini, likitoa sauti kavu ya kulia liko poa, likitoa mdumo mzito limeoza ndani au limelowa. Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba pale lilipokatwa, ukucha ukizama hilo sio tawi tena, ni chakula cha uyoga. Likunje kidogo kwenye panda, ndipo yanapovunjikia. Unga laini unaodondoka kwenye vitundu vidogo ni bungua, huyo anakufa kwenye joto lakini kama vitundu ni vingi tawi lenyewe limebaki ganda, litavunjika na mnyama juu yake.

Sasa oveni. Umeshaona zile pale za mbao, zile za kupangia mizigo, nyuma ya supamaketi, zina muhuri wenye suke la ngano na herufi HT? Huo ni utaratibu wa kimataifa wa mbao za kufungashia mizigo, na sharti lake ni kwamba katikati kabisa ya ubao ifike nyuzi 56 za Selsiasi na ikae hapo dakika 30 mfululizo. Basi, hiyo ndio namba inayoua wadudu na mabuu ndani ya mbao zinazovuka bahari, kwa hiyo na tawi la mwanao linatosha. Wanaosema choma kwa 200 wanataka kuunguza nyumba. Weka 120, kwenye majiko yenu ya huko ni kama 250 ya Farenhaiti, tawi la unene wa kidole gumba nusu saa linatosha, la unene wa kifundo cha mkono lipe saa moja na nusu mpaka mbili kwa sababu mbao inapitisha joto polepole mno, nje inaungua wakati ndani bado vuguvugu. Na usitoke nyumbani likiwa ndani, hata dukani usiende.

Ukitaka uhakika fanya hivi: pale kwenye kitako cha tawi, sehemu nene kuliko zote, toboa kitundu kwa drili mpaka katikati, chomeka kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano, afu usubiri kisome 56 ndio uanze kuhesabu dakika zako 30. Hicho kitundu hakiharibu kitu maana hapo hapo ndipo utakapopitisha skrubu baadae, nitaelezea chini kwenye swali la Mama Nasra.

Kwa Mama Hawa mi niko upande wake, magome ya barabarani yana lami, mkojo wa mbwa na chumvi wanayomwaga wakati wa theluji. Lisugue kwanza nje kwa brashi ngumu na maji ya moto, hamna sabuni, likauke, na kama bado amegoma tumia grili ya nje yenye mfuniko, moto upande mmoja tawi upande mwingine, kipimajoto kile kile. Mtaelewana.

Habari Anko. Nina chatu wa kifalme, ndivyo tunavyomwita huku Uingereza. Dukani waliniambia huyu ni nyoka wa chini hapandi, lakini nilipomwekea tawi akapanda siku hiyo hiyo. Shida tawi limeanguka usiku kwa kishindo, nimekuta kioo kina ufa. Nyoka hajaumia. Nimelibana kwa selotepu pana kwa sasa. – Mama Nasra, Leicester

Mama Nasra kabla hujaendelea kusoma nenda kaitoe hiyo selotepu. Sasa hivi. Nitakusubiri.

Kitu chochote cha kunata ndani ya kizimba cha nyoka ni hatari kuliko kunguni wote wa Leicester, selotepu, gundi ya moto, stika ya kipimajoto, vyote. Nyoka anajipitisha, ukingo umebanduka kidogo, ngozi inashika, anajivuta na inazidi kushika. Ikishatokea usivute. Chukua mafuta ya kupikia, dondoshea ukingoni, subiri yaingie, bandua taratibu kutoka upande wa kichwa kuelekea mkiani ili uende na mlalo wa magamba, ukienda kinyume unayang'oa pamoja na ngozi yake.

Huyo wa dukani usimlaumu sana, wengi wanaamini hivyo. Chatu huyu, Python regius, anapatikana toka Senegal mpaka Uganda, analala kwenye mashimo ya panya na vichuguu mchana, ndio maana watu wanasema ni wa chini. Lakini kuna utafiti wa kusini mashariki mwa Nigeria uliochapishwa mwaka 1998, walipima chatu hao walikula nini, wakakuta madume na wale wadogo wanakula ndege kwa wingi, na majike makubwa ndio wanakula panya. Ndege huwapati shimoni. Kwa hiyo anapanda, ila sio mpandaji mwepesi, ni mzito na anaanguka, usimwekee tawi la kwenda juu wima, mwekee la kulala, lenye panda pana, unene wake ulingane na mwili wake pale katikati au uzidi kidogo. Chini ya tawi pasiwe na jiwe lenye ncha.

Kufunga sasa, na hapa ndipo ningependa watu wote wasome hata kama hawana chatu. Kosa la kwanza ni kusimamisha mguu wa tawi juu ya matandiko, yale maganda ya nazi au udongo. Nyoka anachimba, anaingia chini ya mguu, tawi linamlalia. Mguu ukae kwenye sakafu ya kizimba kwanza, matandiko yaje baadae kuuzunguka. Kama kizimba ni cha mbao kazi ni nyepesi mno, toboa ukuta, pitisha skrubu kutoka nje kuja ndani pamoja na washa pana (kile kibati cha duara), ikaze kwenye kitako cha tawi, weka mbili sio moja, maana moja inageuka. Usiweke skrubu kutoka ndani kwenda nje, ncha itakuchana wewe siku unahamisha kizimba.

Wewe una kioo, kwa hiyo fanya hivi: tafuta ubao mzito au kigae cha sakafu karibu saizi ya sakafu ya tanki, piga skrubu kutoka chini ya ubao ziingie kwenye mguu wa tawi, afu ubao wote ukae chini na matandiko yaufunike. Uzito wa matandiko na wa nyoka mwenyewe ndio unaolishikilia. Kama ni kigae tumia silikoni ya akwariamu, isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, na usimrudishe nyoka mpaka ile harufu ya siki iishe kabisa, sio ipungue, iishe. Zile raba za kunyonya kwenye kioo zinafaa kushikilia majani ya plastiki tu. Kebo tai ni sawa lakini kata mkia wake mpaka uwe sare, ule mkia ni wembe.

Ukimaliza jaribu. Chatu jike mkubwa anaweza kufika kilo 2, basi jaza maji chupa mbili za lita moja na nusu, zifunge pamoja kwa kamba na uzining'inize kwenye ncha ya tawi, sio karibu na mguu, nchani kabisa. Hizo ni kilo 3. Ziache usiku mzima. Asubuhi shika tawi na ulitikise kushoto kulia, likicheza hata kidogo rudi mwanzo. Watu wananiona mnoko kwenye hili na sijali.

Na taa ya joto isiwe karibu, acha kama sentimita 30 kati ya taa na mgongo wa nyoka akiwa juu ya tawi, na taa iwe na kizuizi cha waya. Joto lipime juu ya tawi lenyewe sio chini, kwa huyu chatu usivuke sana 34. Ufa wa kioo sijui umeuzibaje lakini kama ni tanki lile lile badilisha.

Anko, mi niko Muscat kwenye fleti, jiko langu la gesi mbili tu hamna oveni. Nina nyoka wa mahindi. Nje ya jengo kuna miti ya maua ya pinki ina matawi marefu mazuri yamenyooka. Naweza kuchukua? – Said wa Ruwi

Said, hapana. Hapana kabisa. Maua ya pinki, majani membamba magumu, imepandwa kwenye barabara zote na mabondeni inaota yenyewe: hiyo ni oleanda. Mmea mzima una sumu ya moyo, utomvu, jani, gome, hata maji uliyowekea ua lake. Ukoo wake ndio ule ule wa mti ambao Wagiriama na Wakamba walikuwa wanachemsha kupata sumu ya mishale, na wa mwaridi wa jangwani mnaopanda kwenye vyungu, na hata msanapichi. Mi nina kanuni moja ya kijinga inayonisaidia: chana gome la tawi bichi, likitoa maziwa meupe, liache. Itakunyima miti kadhaa isiyo na hatia, haidhuru.

Na hapa niweke jambo sawa maana limeulizwa na wengi. Orodha nyingi za miti salama zinazozunguka watu wamezichukua kwa wafuga kasuku, na kasuku anatafuna tawi mpaka linaisha. Nyoka hatafuni. Yeye sumu inamfikia kwa mvuke, kwa ngozi ya tumbo anayojiburuta nayo masaa, kwa tawi lililotumbukia kwenye bakuli la maji, au kwa kijiti kilichoshikana na panya aliyemmeza. Kwa hiyo mti ambao kasuku haruhusiwi kwa sababu ya punje za matunda unaweza kuwa sawa kwa nyoka, na mti wenye mafuta ya harufu ambao mtu anauona hauna neno unaweza kuwa mbaya.

Wewe tafuta mkunazi, si ndio umejaa huko, mbao yake ngumu na mapanda yake yamepinda vizuri, ila miiba ikate yote na upitishe msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa. Mti wa ghafu usikate, umelindwa. Omba mtu mwenye shamba, siku wanapogoa wanakuwa na furushi zima la kutupa, uliza tu kama walipiga dawa.

Oveni unayo Said, imepaki nje. Juni na Julai gari lililofungwa vioo juani hapo Muscat linavuka 60 bila shida, lifunge tawi kwenye mfuko mweusi wa taka, liweke kwenye dashibodi toka asubuhi mpaka jioni, siku mbili tatu za jua kali, na chomeka kipimajoto ndani ya tawi kama nilivyomwambia Baba Hawa. Kabla ya hapo lichemshe. Sufuria haitoshi tawi zima, zamisha nusu moja dakika 20 ligeuze uzamishe nusu nyingine. Maji yatatoka rangi ya chai kavu, hiyo ni tanini, rangi ya mti wenyewe, sio uchafu, mwaga na urudie mpaka yapungue rangi, la sivyo itakuchafulia bakuli la nyoka kila ukimwagia maji.

Friza je? Wengine wameuliza pia. Inasaidia kwa wadudu wengi ukiacha wiki nzima au mbili, lakini ukungu na bakteria wanalala tu humo, ukitoa wanaamka. Kama ndio kitu pekee ulichonacho ifanye na uchemshe pia.

Nina boa wa mchanga kutoka Kenya, nimempata hapa Toronto kwa mfugaji. Anahitaji matawi mangapi? – Achieng

Hata moja. Mnunulie mchanga wa kutosha na jiwe bapa, atakaa chini humo anachungulia macho tu. Tawi litakaa pambo lako wewe.

Salaam Anko. Nafanya kazi kwenye sehemu ya maonyesho ya nyoka huku pwani ya Kilifi, tuna vibali vyote. Bosi anataka magogo ya ufukweni kwa sababu watalii wanapenda. Mengine ya kwetu ni makubwa hayaingii popote kuchemsha. Na je, miti gani ya huku? – Fundi Katana

Katana, wewe ndio umenipa swali ninalolipenda. Vibali umetaja mwenyewe safi, maana Kenya kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 nyoka hawekwi nyumbani bila karatasi ya KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, nalisema kwa wengine wanaosoma hapa na wana mpango wa kumbeba ukukwi wa kwenye mwembe.

Gogo la ufukweni ni zuri, bahari imeshalilainisha, lakini limejaa chumvi mpaka moyoni. Litumbukize kwenye tangi la maji baridi, weka jiwe juu lizame, badilisha maji kila siku au kila baada ya siku mbili, na gogo kubwa linaweza kula wiki kadhaa. Kujua kama liko tayari lifute, liache likauke juani, angalia kama kuna vumbi jeupe juu, afu gusa kwa ncha ya ulimi. Bado lina munyu? Lirudishe. Usiokote ndani ya hifadhi ya bahari kama ile ya Watamu, humo hata gamba la konokono halitoki. Na mikoko hata ikiwa imekauka yenyewe usiguse bila ruhusa ya watu wa misitu.

Miti ya huko, namba moja kwangu ni mpera na sina mjadala. Kila mtoto aliyewahi kutengeneza manati anajua kwanini: panda lake halipasuki. Gome ni jembamba linajimenya lenyewe, chini ni laini kama limepigwa randa, utomvu hauna kitu, na matawi yanajigawa gawa pale pale unapotaka. Mkwaju pia mgumu sana na gome lake limekwaruza, zuri kwa nyoka anapojivua gamba, namaanisha gamba kweli sio lile la wanasiasa. Mbuni, mti wa kahawa, ukipata kutoka bara, mashamba yanapong'olewa, chukua mwingi. Mvinje watu wanauogopa wakidhani ni msonobari kwa sababu ya yale majani ya sindano, sio msonobari, ni mti mgumu wa kawaida, boriti zenu nyingi ni huo, tumia. Mkorosho hapana, ule ukoo wa poizoni aivi niliosema juu, mwembe ni ukoo huo huo kwa hiyo mbichi usitumie, mnyaa hapana na usiukate bila kukinga macho, mkaratusi na mwarobaini mbichi hapana kwa ajili ya mafuta yao, na mtarakwa unaotoka bara, ule wa penseli, huo ni mwerezi kwa jina lingine.

Kwa makubwa yasiyoingia popote: toa magome yote yaliyolegea kwa panga, hapo ndipo tandu, nge na mchwa wanapokaa, sio ndani ya mbao ngumu. Mwagia maji yanayochemka kila upande, weka kwenye nailoni nyeusi juu ya zege au bati wiki nzima ya kiangazi, unageuza kila siku. Kama mna lazima ya dawa, jiki sehemu moja kwa maji sehemu kumi, dakika kumi, suuza, afu suuza tena, afu jua mpaka ukinusa kwa karibu husikii kitu. Usichanganye jiki na siki wala na dawa nyingine yoyote. Na ile dawa ya kahawia ambayo ukiitia kwenye maji yanageuka meupe, yenye harufu ya hospitali, isikaribie nyoka kabisa, ni jamii ya fenoli, inabaki kwenye mbao na inawaumiza.

Na kwa gogo zito la kilo 20 kwenye chumba cha nyoka mamba wa kijani, mnyororo kwenye dari na bolti chini. Sio kamba ya katani, inaoza kwa unyevu, na hapo anayeingia kufagia ni wewe.

Tawi nililolioka vizuri limeota ukungu mweupe kama pamba baada ya wiki moja. Niko Oslo, kizimba kina unyevu mwingi. Nimeharibu wapi? – Mama Imani

Hujaharibu. Mbao mpya iliyopikwa ndani ya unyevu ina sukari juu yake na hamna kiumbe mwingine wa kuila, ukungu wa hewani unafika wa kwanza, unakula, unamaliza, unaondoka. Mara nyingi unakwisha wenyewe ndani ya wiki chache. Futa kwa brashi na maji ya moto, ongeza tundu la hewa, punguza kumwagia maji moja kwa moja kwenye tawi. Ukiweza kupata wale wadudu weupe wadogo wanaorukaruka, kolembola, wamwage humo, ukungu ni chakula chao. Kinachonitia wasiwasi ni ukungu mweusi au wa kijani unaorudi kila ukifuta, na tawi lililoanza kulainika, hilo tupa. Vanishi usipake, najua unaifikiria.

Kuna mtu anauza tanki na tawi lake zuri sana kwa bei poa, nyoka wake alikufa. – Msomaji, Dar

Alikufa kwa nini? Muulize hivyo hivyo, na kama anajibu "ghafla tu", tanki lioshe kwa maji ya moto na jiki, liache juani wiki kadhaa, tawi usilibebe. Mi tawi la porini siliogopi hata robo ya ninavyoogopa la mfugaji mwenzangu. Utitiri wa nyoka, vile vidoa vyeusi vinavyotembea, hawatoki kwenye mpera, wanatoka kwa nyoka mwingine, na wanajificha kwenye nyufa za mbao kama hiyo. Kuna na kimelea cha tumbo, kriptosporidiamu, ambacho jiki haikishtui, kinamfanya nyoka atapike chakula na akonde na tumbo livimbe katikati, na hakina dawa ya uhakika. Kwenye kioo unaweza kusugua na kukausha, kwenye ufa wa tawi huwezi kufika. Na kama hana leseni ya wanyamapori ya kuonyesha, hata hilo tanki niulize tena kabla hujatoa hela.